Picha ya ndege imekataa? Soma kwanza namba ya ubavuni

Mtu akipiga ndege ikatoka vibaya, wa kwanza kulaumiwa ni kamera. Kamera yangu ya zamani, lenzi yangu ya bei rahisi, simu yangu haina zumu. Mara nyingi kamera haina kosa lolote. Kosa liko mahali uliposimama, saa uliyochagua, au mpangilio ulioacha vilevile tangu harusi ya Jumamosi iliyopita.

Dalili nilizozikusanya hapa ni za uwanja wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, ambao wazee wengine bado wanauita Kisauni. Ni uwanja mzuri wa kujifunzia. Sasa hivi inatua Caravan ya abiria wachache kutoka Dar, punde si punde inakuja ndege kubwa kutoka Doha au Addis Ababa, na katikati zinapishana ndege za pangaboi za ukubwa wa kati, yaani ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania zenye twiga mkiani. Mengi ya hapa yanafanya kazi vilevile Arusha, Mwanza au Wilson ya Nairobi, yanapotofautiana nitasema.

Kabla ya kubadilisha chochote, ikuze picha mpaka mwisho na uangalie namba ya usajili, ile inayoanza na 5H kwa ndege za Tanzania, iliyo ubavuni karibu na mkia. Herufi zake zina kingo kali na rangi iliyokolea, kwa hiyo zikiharibika, zinaharibika kwa namna inayomtaja mkosaji.

Herufi zimevutika upande mmoja

Ukiona namba imetandaa kama rangi iliyopanguswa kabla haijakauka, picha imecheza. Tazama imevutika kuelekea wapi. Ikivutika sambamba na ndege, hukuifuata kwa mwendo wake. Ikivutika juu na chini, ni mkono wako, na hasa kidole kilichobonyeza kwa papara.

Jeti inayotua huja kwa kama kilomita 260 kwa saa, yaani mita 72 kila sekunde. Kwa shata ya 1/125, yaani kamera ikibaki wazi kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, inakuwa imeshasogea zaidi ya nusu mita kabla shata haijafunga. Kwa 1/1000 imesogea sentimita saba tu. Jeti haina pangaboi la kuonyesha, hivyo usijitese: weka 1/1000 au zaidi, acha ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ipande, maisha yaendelee. Chenga kidogo za ISO husameheka, picha iliyocheza haiokoleki.

Herufi laini, lakini majani ya mbele ni makali

Hapa picha haikucheza; fokasi ilikamata kitu kingine. Mshukiwa wa kwanza ni kamera iliyoachiwa ichague yenyewe pa kukamata, nayo hupenda kilicho karibu: nyasi, waya wa uzio, jani la mnazi. Chagua nukta moja ya katikati, au kundi dogo la nukta, na uweke fokasi ya kufuata, ile ambayo Nikon na Sony huiandika AF-C na Canon huiita AI Servo au Servo.

Mshukiwa wa pili hasemwi sana. Ubavu mweupe wa ndege hauna kitu cha kushika. Ukiiweka nukta katikati ya weupe ule mtupu, lenzi itaenda mbele na kurudi nyuma mpaka ndege ipite. Iweke kwenye safu ya madirisha, kwenye jina la shirika, au pale pua inapokutana na anga.

Kama unapiga kupitia wavu wa seng'enge, sogeza lenzi karibu kabisa na waya, ilenge katikati ya tundu, na fungua lenzi mpaka f/5.6 au namba ndogo kuliko hiyo. Waya utayeyuka. Ukibana mpaka f/16 utarudi kama kivuli cha kijivu kilichokatiza picha nzima.

Herufi zimejikunja, kila moja kivyake

Hili ndilo linalowafanya watu wauze lenzi nzima. Kingo za namba zinapinda, mstari wa madirisha unayumba, na ukipiga picha tano mfululizo kila moja imepinda kwa namna yake. Ni joto. Lami inaungua, hewa iliyo juu yake inapanda kwa mabaka yenye uzito tofauti, na mwanga unapopita humo unapindishwa huku na huko. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Ya bei mbaya italionyesha kwa undani zaidi tu.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni saa: piga kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, au siku ya mawingu baada ya mvua, ambayo watu wengi hubaki nyumbani. Ya pili ni kimo: ndege iliyo hewani, ikiwa inakuja kutua, unaitazama kupitia hewa isiyogusa lami, ilhali ile inayotembea chini ng'ambo ya uwanja unaitazama kupitia joto lote. Ya tatu ni umbali: mita mia mbili za hewa ya moto si sawa na kilomita moja.

Kuna ya ziada ambayo ni ya kujitakia. Watu huegemea gari na kupiga juu ya boneti iliyotoka kuzimwa sasa hivi. Joto la injini yako linatosha kuharibu picha. Na kama ni nyuma tu ya ndege iliyopinda huku pua ni safi, hapana shaka umepiga kupitia moshi wa moto wa injini zake. Isubiri kwa upande wa mbele.

Usichanganye haya na picha iliyojaa weupe mzito toka kona hadi kona. Hiyo ni lenzi iliyotoka kwenye kiyoyozi cha gari au hoteli ikakutana na unyevu wa Unguja. Unyevu umetanda kwenye kioo. Usifute, utarudi, na utaacha michirizi. Acha begi limefungwa nusu saa nje ya gari, au tangu mwanzo liweke kwenye buti lisikopata AC.

Mapanga yameganda hewani

Picha ni kali, rangi nzuri, lakini Caravan inaonekana imezimika angani na itaanguka muda wowote. Sababu ni ileile 1/1000 iliyokuokoa kwenye jeti.

Hesabu yake inasaidia kuliko kubahatisha. Pangaboi la Caravan huzunguka mpaka mara 1,900 kwa dakika, na nyingi zina mapanga matatu, yaani nyuzi 120 kutoka panga moja hadi jingine. Kwa 1/1000 kila panga linasogea nyuzi 11 tu, kwa hiyo jicho linaliona limesimama. Kwa 1/250 linachora kama nyuzi 45, nayo inatosha kuonyesha uhai. Kwa 1/100 linachora nyuzi 114, karibu duara kamili. ATR 72 za kizazi cha 500 na 600 zina mapanga sita na huzunguka mpaka mara 1,200, kwa hiyo kwa 1/125 duara linafunga. Q400 ni mzito zaidi kuamka: mapanga yake sita hayazidi mizunguko 1,020, na wakati wa kutua mara nyingi yamepunguzwa mpaka 850. Kwa 1/125 utapata mapanga yaliyotandaa vizuri. Ukitaka duara kamili shuka mpaka 1/80. Ndege ikiwa inatembea chini kuelekea maegesho, mapanga yanakwenda taratibu zaidi, basi jaribu 1/60.

Bila shaka ukishuka hapo unarudi kwenye ugonjwa wa kwanza, herufi kuvutika. Ndipo kufuata kunapoanza kuwa na maana. Elekeza miguu kule unakotaka kupigia, si kule ndege inakotokea, halafu jipinde kiunoni uipokee ikiwa bado mbali. Ifuate, bonyeza polepole wakati unaendelea kufuata, na usisimame baada ya kubonyeza. Wengi husimama, na picha huharibikia hapo. Lenzi nyingi zenye kutuliza mtikiso zina swichi ya 1 na 2. Ya 2 ndiyo ya kufuata, kwa sababu inatuliza juu na chini na kuuacha mwendo wa pembeni. Usianze na 1/80. Anza 1/320, ukizoea teremka hatua kwa hatua, na kubali kwamba picha nyingi zitafutwa. Mtu anayekuonyesha 1/60 safi hajakuonyesha alizozitupa.

Kuna mapanga yaliyosimama ambayo si kosa lako. ATR ikiwa imeegeshwa inaweza kuwa na injini ya kulia inayowaka, unaisikia inavuma, na pangaboi lake limetulia tuli. Ndege hiyo ina breki ya pangaboi upande wa kulia, ili injini itoe umeme na hewa kwa abiria bila kuzungusha kitu. Usihangaike na shata. Utaishusha mpaka sekunde nzima na pangaboi halitacheza.

Tumbo jeusi, mgongo umeungua

Zanzibar iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali. Mwanga wote unaangukia mgongoni mwa ndege. Caravan, ATR na Q400 zote zina mbawa za juu, kwa hiyo zinajifunika zenyewe: madirisha yamo kizani, namba imo kizani, na paa linameta mpaka linaungua. Kupandisha mwanga kwenye kompyuta kutakuletea chenga na rangi ya vumbi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, siku ya jua kali, nenda kale.

Afueni ipo moja. Ndege ikiwa mita chache tu juu ya ardhi nyeupe, zege au mchanga, mwanga unarudi kutoka chini na kulipaka tumbo. Muda ni mfupi, ila upo.

Upande wa kusimama ndiko ushauri wa mitandaoni unakopotosha watu wetu. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Wanakwambia kaa kusini mwa njia ya kurukia, jua liwe mgongoni. Kwetu jua linahama. Arusha, ambako njia imelala mashariki na magharibi, 09 na 27 (ni nyuzi za dira, 90 na 270, bila sifuri ya mwisho), kuanzia Aprili mpaka Septemba jua la mchana liko kaskazini, hivyo kaskazini ndiko kwa kusimama. Kuanzia Oktoba mpaka Machi hamia kusini. Njia ya 07 na 25 ya Wilson inafuata karibu mtindo huohuo. Ukiona picha zako za Desemba ni nzuri na za Julai ni vivuli vitupu, na hukuhama, hiyo ndiyo sababu. Kwenye njia za namna hiyo, asubuhi mapema ndege inayotua kuelekea mashariki inapigwa na jua usoni, na pua yake inatoka vizuri sana.

Zanzibar ni rahisi. Njia yake ni 18 na 36, imenyooka kaskazini na kusini, basi msimu haukusumbui: asubuhi upande wa mashariki, jioni upande wa magharibi.

Ndege nyeupe imetoka kijivu

Kamera inataka kila kitu kiwe na mwanga wa kati. Ikiona anga jeupe la ukungu wa bahari na ndege nyeupe mbele yake, inaogopa na kupunguza. Ongeza mwanga kati ya +0.7 na +1. Anga likiwa buluu na jua limeipiga ndege moja kwa moja, rudi sifuri au hata −0.3, maana hapo ubavu mweupe utaungua. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, kama kadi inatosha.

Vidoa vya mviringo vinavyojirudia mahali palepale angani kwenye kila picha si ndege wa mbali. Ni vumbi kwenye sensa. Ukitumia f/8 badala ya f/16 havitaonekana sana mpaka upate wa kukusafishia.

Ndege ni kidoti

ATR 72 ina urefu wa mita 27. Ukiwa mita 200 kutoka kwake na kamera ya sensa kubwa, lenzi ya milimita 270 hivi inaijaza fremu kutoka pua hadi mkia. Kwa sensa ndogo ya APS-C ni kama 175. Kwa Caravan, isiyofika hata mita 13, umbali uleule unadai zaidi ya 550. Ndiyo maana mtu mwenye lenzi ya 300 anaridhika na ATR na kulalamika kuhusu Caravan siku hiyohiyo.

Kabla ya kununua, sogea. Ndege hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3, yaani kama mita 52 za kimo kwa kila kilomita. Mtaani, kilomita moja kutoka inapogusa chini, itakupita kwenye mita hamsini na kitu. Hapo hata simu inatosha. Mwenye simu aache kuvuta zumu mpaka mwisho, maana baada ya lenzi halisi za simu kuisha, kinachobaki ni kukata picha na kuitanua. Piga bila kuvuta, na uingize minazi, mapaa ya bati na watoto wanaotazama juu. Kwa macho yangu picha hizo huwa na Zanzibar zaidi kuliko ubavu uliojaa fremu.

Umesubiri upande huu, imekuja upande ule

Ndege hutua zikiukabili upepo, na pwani upepo una kalenda. Wakati wa kusi, Aprili mpaka Septemba au zaidi, upepo unatoka kusini. Ndege zinatumia 18, zinakuja kutoka kaskazini, na ukikaa upande wa kusini utaona zinazoruka tu. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka: ni 36, zinaingia kutoka kusini. Wavuvi wanalijua hili kuliko programu yoyote ya simu.

Shida ni maleleji, kati ya misimu, upepo unapokuwa dhaifu na wa kubadilika. Hapo rubani anayetoka Dar anaweza kupewa 36 aingie moja kwa moja, na anayemfuata akapewa 18. Usitegemee ratiba ya jana. Tafuta ule mfuko wa rangi unaopepea uwanjani, au tazama bendera na moshi wa majiko, na iangalie ndege ya kwanza kabla ya kutandika vitu vyako.

Programu haionyeshi ndege, na ndege hii hapa juu

Flightradar24 na wenzake hawaoni kila kitu. Wanategemea vipokezi vilivyo ardhini vinavyosikiliza ndege zikitangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1090. Mawimbi hayo huenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege ya chini iliyo mbali na kipokezi hupotea. Na ndege yenye kifaa cha zamani haitangazi mahali ilipo. Mahali pake sharti pakokotolewe kwa vipokezi angalau vinne vikiisikia kwa pamoja, na kwetu vinne vilivyo karibu ni anasa. Mwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kipokezi cha USB anaweza kufunga cha kwake darini na kurusha data. Flightradar24 humpa anayechangia akaunti ya kulipia bila malipo. Asiye nacho atumie masikio. Caravan inaanza kusikika kabla haijaonekana.

Umeipiga, huijui ni ipi

ATR na Q400 zote zina mbawa za juu na mkia wa herufi T. Tazama miguu: ya ATR inatoka kwenye uvimbe wa pembeni mwa tumbo, ya Q400 ni mirefu na inaning'inia kutoka chini ya injini. Caravan haikunji magurudumu kamwe, na ina mhimili wa kushikilia bawa kila upande. Ikiwa na injini moja ya pangaboi lakini mbawa ziko chini na mkia ni T, ni PC-12.

Namba nazo zina mtego. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, ET Ethiopia, A7 Qatar, A4O Oman, na hiyo ya mwisho ni herufi O, si sifuri. TC ni Uturuki, lakini ndege nyingi za Air Tanzania ni 5H-TC na herufi moja. Ukikata picha ukapoteza 5H, umempa Mturuki ndege ya Watanzania.

Askari anakuja

Hii haitibiki kwa shata. Viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa maeneo nyeti, na kupiga picha kwenye uzio au ndani ya jengo bila ruhusa kunaweza kukugharimu kadi, simu au mchana mzima kituoni. Akija, teremsha kamera na usiondoke. Msalimie, muite afande, na kama ni mtu mzima anza na shikamoo. Mwonyeshe picha kabla hajaziomba. Usimfundishe sheria, hata ukiwa na haki, hapo si mahakamani. Ndege za jeshi na za viongozi usizipige kabisa, na droni iache nyumbani.

Dawa yenyewe inapatikana mapema: barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, au kwa mamlaka kama hiyo ya Tanzania, TAA, ukiwa bara, au ya Kenya, KAA, ukiwa Kenya, ikitaja jina lako, kitambulisho, tarehe, saa, mahali utakaposimama, kamera utakayotumia na picha zitaenda wapi. Majibu yanaweza kuchelewa. Ukipewa kibali, kichapishe kwenye karatasi, maana kilichomo kwenye simu hakisomeki chaji ikiisha.